Boneti ya Kijani

14 Machi

Mvua imeanza leo, na pikapu yetu imeanza kutema tena.

Nieleze vizuri, maana mwalimu wetu wa lugha alizoea kutuambia tuandike kana kwamba msomaji ni mgeni aliyefika jana. Mama ana kitalu cha miche nyuma ya nyumba: miti ya mbao, miti ya matunda, maua ya kupanda kando ya ua. Kiangazi chote tunaimwagilia tu na kuitazama. Mvua zikianza, kila mtu anakumbuka ghafla kwamba alitaka kupanda kitu, na Baba ndiye anayewapelekea kwa pikapu. Mimi nimemaliza shule, matokeo bado, kwa hiyo Mama amesema msimu huu nitakaa na Baba mbele nimsaidie kushusha.

Pikapu ni ya zamani kuliko mimi. Ni ya bluu, isipokuwa boneti. Boneti Baba aliipaka rangi mwenyewe mwaka juzi, kwa sababu alisema imepauka. Aliipaka kijani. Mama alipoulizwa alisema, "Imependeza," na neno hilo kwa Mama ni kama kifuniko cha sufuria, huwezi kujua chini yake kuna nini. Mimi sikuulizwa. Watu wamechoka kusubiri majibu yangu.

Sasa kutema. Mvua ikinyesha, maji yanajikusanya chini ya boneti, upande wa karibu na kioo. Gari likiwa polepole hakuna neno. Likishika mwendo, upepo na feni ya injini vinayasukuma, yanachomoka kwenye ule ufa wa nyuma ya boneti na kurukia kioo cha mbele, pwaa, ukuta mzima wa maji meusi. Waipa zinahangaika kama mikono ya mtu anayezama. Kwa muda huo Baba haoni kitu, mimi sioni kitu, na gari linakwenda.

"Usiogope," Baba alisema. "Ni Shangazi anaongea."

Pikapu anaiita Shangazi kwa sababu dada yake mkubwa, shangazi yangu wa kweli, akiongea hutema mate. Mimi ananiita Redio, kwa sababu huwa siongei. Ndivyo alivyo Baba. Anapenda kukipa kitu jina la kinyume, kisha anacheka peke yake.

15 Machi

Mvua. Tumepeleka miche. Imetema.

17 Machi

Baba amenitengenezea kifaa. Ni mpini wa ufagio wenye sponji iliyofungwa kwa waya. Kazi yangu, Shangazi akitema, ni kujitoa dirishani hadi kiunoni na kusugua kioo upande wa dereva. Nikikaa vizuri ninafika.

Leo tulipita mbele ya shule yangu ya zamani wakati wa mapumziko. Pikapu ikatema pale pale getini. Nikajitoa na ufagio wangu, nywele zimelowa, na wasichana wa madarasa ya chini yangu wote wakiwa ukutani. Mmoja akapiga kelele, "Dada, na huku kwetu njoo utufutie!" Nilitamani sponji inimeze.

Baba alisema, "Umeona? Umekuwa maarufu."

19 Machi

Nimekohoa. Mama amenipa maji ya moto na kuniambia siku hizi nakaa nusu nje ya gari kama mbwa wa tajiri.

Mama naye ana tabia moja imeanza kunichosha. Anatangaza kila kitu. "Chai iko mkono wako wa kulia." "Kuna ndoo mlangoni." "Kigoda kiko hapo mbele yako." Baba anaingia, Mama anatangaza. Nilimwangalia jioni hii nikafikiri: wanawake wakizeeka ndivyo wanavyoanza kuamrisha hata vigoda.

22 Machi

Tumempelekea Spana pikapu. Spana ni fundi wa magari anayekaa jirani na sisi, rafiki wa Baba tangu ujana wao. Alifungua boneti, akachungulia, akapiga mluzi.

"Kuna kitu hapa hakipo," alisema.

"Kitu gani?" Baba akauliza.

"Ningejua ningekuwa tajiri. Hapa pana vitundu vya kushikia kitu, lakini kitu chenyewe sikioni."

"Wewe tangu uzaliwe huoni kitu."

"Basi nikutobolee hapa chini, maji yapate pa kutokea."

Akatoboa.

23 Machi

Maji yamepata pa kutokea. Yanatokea miguuni kwangu.

27 Machi

Mteja mmoja wa kike alipiga simu kuuliza kama sisi ndio wenye pikapu ya boneti ya kijani iliyopita mtaani kwake, maana anataka miche hamsini ya ua. Baba aliweka simu kwenye spika akacheka.

"Mama, hapa hakuna boneti ya kijani. Gari letu ni la bluu, mwanzo mpaka mwisho. Lakini miche tunayo, usijali."

Alipokata simu akatuambia, "Watu wengine hata rangi hawazijui."

Nilimtazama Mama. Mama alikuwa anachambua mbegu, hakuinua kichwa. Nikadhani Baba anatania. Kwa Baba ni vigumu kujua.

Nilitaka kusema kitu. Niliona neno limekaa kwenye ulimi, likakaa, likakaa, hadi mazungumzo yakahamia kwenye mbolea. Huwa inakuwa hivyo. Nikiwa tayari, watu wameshaondoka pale.

29 Machi

Leo nimegundua kitu mimi mwenyewe!

Nilikuwa nafagia stoo ya mbegu. Chini ya mlango wa stoo kumepigiliwa utepe wa mpira mweusi, mrefu, mnene, ili panya wasiingie. Nimeuona mara mia. Leo ufagio ulinasa, nikainama, nikaona kwamba mpira una vibanio vidogo vya chuma, vimepangwa kwa nafasi sawasawa, na hakuna kilichokuwa kinabana chochote. Nikajiuliza, mpira wa mlango una vibanio vya nini? Nikakumbuka vitundu vya Spana.

Nilimwita Mama. Nilimwita kwa sauti hadi akaja mbio akidhani nyoka.

"Mama, mpira huu ulitoka wapi?"

"Niliukuta umetupwa uani, karibu na kopo la rangi. Mwaka juzi huo. Nikasema mali safi hii, kwa nini ioze?"

Baba akaja. Akaushika, akaupitisha vidoleni taratibu, pande zote, kama mtu anayepima kitambaa. Kisha akakaa chini na kuanza kucheka. Alipoipaka boneti rangi aliutoa mpira usichafuke, akaweka chini, akasahau kuurudisha. Mama akaupeleka kwa panya.

"Mke wangu," alisema, "umenitemesha maji misimu miwili!"

"Na panya je? Uliniletea paka?"

"Ungeuliza!"

"Ningeuliza nini? 'Mume wangu, kuna mpira unautaka?' Wewe ungesahau kichwa chako uani, nami ningekijaza udongo nikapandia maua."

Walicheka mpaka Spana akaja kuona kuna nini. Mpira umerudi kwenye boneti. Vibanio vimeingia kwenye vitundu, tak, tak, tak. Spana anasema ataliziba lile tundu la miguuni bure, kwa aibu.

Nimelala na furaha. Kwa mara ya kwanza tangu nimalize shule nimefanya kitu ambacho kimekuwa kweli.

30 Machi

Mvua kubwa asubuhi, na kioo kikavu! Maji yalikuja juu ya boneti, yakagonga mpira, yakagawanyika kushoto na kulia kama watu wanaompisha mkubwa. Waipa zilifanya kazi yao kwa adabu. Nilishika ufagio wangu wa sponji mapajani, hauna kazi, nikauonea huruma.

Nilitaka kuishia hapo. Siwezi.

Mchana mvua ilikata. Tulikuwa tunarudi, gari tupu, jua limetoka na barabara inang'aa. Mbele yetu, upande wetu, kulikuwa na mwanamume anasukuma baiskeli iliyobeba godoro. Nilimwona tangu mbali. Godoro lilikuwa jekundu. Nilimwona akiwa mdogo, nikamwona akikua, na Baba hakupunguza mwendo. Nikafikiri atapunguza sasa. Nikafikiri sasa. Nikasikia mtu anapiga kelele ndani ya gari, "BABA!" na mtu huyo alikuwa mimi.

Aliukata usukani. Tulimpita yule mtu kwa nafasi ya kiganja. Nilisikia matusi yake yakipita dirishani, yote, na nilimpa haki.

Baba aliegesha. Akachukua kitambaa, akashuka, akaanza kufuta kioo kwa nje. Alifuta kwa nguvu, akapulizia pumzi, akafuta tena.

"Kioo hiki kimezeeka," alisema. "Kimeingia ukungu."

Kioo kilikuwa kikavu. Kilikuwa kisafi kuliko vikombe vyetu. Nilikuwa nimekaa nyuma yake nikimwona Baba kupitia hapo, kila unywele wa nyusi zake.

2 Aprili

Baba ameniambia, kama mzaha, "Redio, kwa nini tusikuwashe? Uwe unanitangazia barabara, usingizi usinishike." Basi nimeanza. Baiskeli kushoto. Shimo. Lori linakuja, lina taa. Mama na mtoto, wanavuka, wamevuka.

Mwanzoni sauti ilikuwa inakwama. Baadaye ikatoka.

5 Aprili

Nimetangaza kutwa. Mbuzi watatu na mwenye mbuzi. Mtu mwenye mwavuli uliogeuka. Baba anacheka ninavyotia chumvi. Nimemwambia, "Mbele yako, mheshimiwa dereva, ni dimbwi lenye ukubwa wa bwawa, na ndani yake kuna bata anayetudharau." Mama amesema mezani, "Jamani, huyu mtoto anaongea!" Nilijisikia mrefu.

6 Aprili

Panya wamerudi stoo.

9 Aprili

Nitaandika ilivyokuwa.

Ilikuwa saa ya kutoka shule, manyunyu, wanafunzi wamejaa kando ya barabara na miavuli. Nilikuwa natangaza. Watoto kushoto, wengi, wanatembea. Watoto kulia. Kisha nikamwona pale getini mwenzangu niliyekuwa nakaa naye dawati moja, amekuja kuchukua cheti chake cha kuhitimu. Alinipungia mkono. Nami nikampungia, nikageuka kumtazama, nikatabasamu, nikanyamaza kwa muda wa kutabasamu tu.

Nikasikia tak.

Kioo cha pembeni kilikuwa kimegonga kitu. Niligeuka nikaona mwavuli wa njano unabingirika barabarani, unazunguka kwa fimbo yake kama pia. Mwavuli tu. Sikuona mtoto.

Baba alifunga breki. Nilishuka kabla gari halijasimama. Mtoto alikuwa amesimama kando, kasichana kadogo, kamekunja kiganja kana kwamba bado kameshika mpini. Hakuwa na hata mkwaruzo. Alikuwa ananitazama mimi, kwa mshangao tu, kama ninayejua jibu.

Nilimwokotea mwavuli. Ulikuwa umevunjika mbavu mbili. Nilipiga magoti kwenye matope, nikamgusa mabega, mikono, kichwa. Akaniuliza, "Dada, yule dereva hakuniona? Mwavuli wangu ni wa njano." Alisema hivyo kwa sababu, nadhani, mama yake alimnunulia wa njano ili aonekane.

Baba alikuja. Watu walikuwa wanakusanyika, mwalimu mmoja akaanza kufoka, na Baba akaomba radhi, akaomba tena, akasema manyunyu, akasema kioo. Alipotaka kumshika mtoto kichwa alikosa mahali kidogo, mkono ukashika hewa kwanza, kisha ukampata.

Njia nzima ya kurudi nilitangaza. Nilitangaza hata mawe. Nilikuwa nimeelewa, na sikutaka kuelewa. Kwa siku zote hizi sikuwa nikimchangamsha Baba asisinzie. Gari lilikuwa linaendeshwa kwa macho yangu, na macho yangu yalitaka kumpungia rafiki.

10 Aprili

Nimesema kichwa kinaniuma. Baba amekwenda peke yake. Nimekaa getini mpaka aliporudi.

11 Aprili

Shangazi amekuja, Shangazi wa kweli, na mwavuli mkubwa na kanga tatu juu ya kichwa. Baba aliyekuwa anapakia miche alisahau akasema, "Shangazi siku hizi hatemi kabisa, ana mpira mpya."

"Shangazi gani?" akauliza Shangazi.

Baba akaingia chini ya gari, akasema kuna nati imelegea.

Baadaye nilikuwa naosha vyombo. Shangazi akaja akakaa karibu yangu. "Wewe, mbona umenyauka kama mche uliosahauliwa?" Sijui kwa nini, nikamwambia. Godoro, mwavuli wa njano, kitambaa, vyote. Niliongea huku nasugua sahani moja tu.

Hakushtuka. Hilo ndilo lililonishtua.

"Baba yetu naye," alisema, na mate yakanipata shavuni, sikufuta, "alisingizia taa. Taa ya mafuta. Kila jioni alikuwa anafuta kile kioo cha taa. Anafuta, anawasha, anasema kina masizi, anazima, anafuta. Sisi watoto tukajua taa mbovu. Tukamnunulia nyingine. Akaifuta na hiyo. Alipokufa alikuwa hatutambui mpaka tuseme. Mtoto wa jicho, wa macho yote mawili. Kitu kinachotolewa siku hizi asubuhi, mchana unakunywa uji."

"Mwambie basi, shangazi."

"Nimemwambia mwaka jana. Akasema haoni kwa sababu namtemea machoni." Akacheka, kisha akaacha. "Mimi nasema sana, mwanangu. Mimi ni mvua ya kila siku, nani atainua kichwa kutazama? Wewe ukisema watu watatoka nje kuangalia kumetokea nini."

"Na Mama?"

"Mama yako? Mama yako unadhani kigoda anamtangazia nani?"

Niliweka sahani chini.

Chai iko mkono wako wa kulia. Kuna ndoo mlangoni. Nami niliandika humu kwamba anaamrisha vigoda. Nimerudi nikausoma ukurasa ule. Sikuufuta, nauacha uniangalie.

12 Aprili

Nimejaribu kumwambia Baba mara tatu leo. Mara ya kwanza nilimuuliza kama anataka maji. Mara ya pili nilimuuliza kama anataka maji. Mara ya tatu alisema, "Redio, una nini na maji leo?"

13 Aprili

Asubuhi nilimwambia nakwenda naye. Nilikuwa nimeamua, ingawa sikujua kama nitaweza.

Kuna sehemu baada ya kiwanda cha matofali ambapo barabara imenyooka, pana, haina nyumba wala watu, mpaka daraja jembamba mbele kabisa. Niliichagua usiku kucha kichwani. Mvua ilikuwa inanyesha, ya kawaida, na kioo kilikuwa kinafutika vizuri. Nilitangaza mpaka tulipolipita lango la kiwanda. Nikatazama mbele, nikatazama nyuma kwenye kioo. Hapakuwa na mtu, gari wala mnyama.

Nikanyamaza.

Waipa zilikwenda, zikarudi.

"Redio," Baba alisema. "Mbele vipi?"

Sikujibu.

"Umelala?"

Nilishika ufagio wa sponji kwa mikono miwili. Nimenyamaza maisha yangu yote na haijawahi kuwa kazi. Leo ilikuwa kama kushikilia mlango unaosukumwa.

Alipunguza mwendo. "Daraja limefika? Mwanangu, daraja liko wapi?" Alikuwa amesogeza uso karibu na usukani, shingo imenyooka, anatafuta. Akapunguza tena. Gari likawa linatambaa. Akawasha taa, akazizima. Kisha akakanyaga breki, akasimama katikati ya barabara, akavuta hendibreki.

"Kuna nini mbele?" aliuliza. Hakuwa anatania.

"Hakuna kitu, Baba," nilisema. "Barabara ni tupu. Daraja bado liko mbali kabisa. Ulikuwa unaweza kwenda."

Alizima injini. Waipa zikafia katikati ya kioo, na mvua ikashuka ikafunika kila kitu, hadi sote wawili tukawa hatuoni kitu.

Aliachia usukani. Akasema, "Tangu lini umejua?"

"Tangu godoro."

"Mimi tangu kabla ya boneti. Nilidhani rangi inapauka. Ya gari, ya nyumba, ya nguo za mama yako. Nikasema dunia imezeeka." Alijaribu kucheka. "Halafu Shangazi akaanza kutema. Unajua nilifurahi? Nilikuwa na sababu. Mtu akiniuliza mbona umepita hivi, nasema maji. Siku ulipoupata ule mpira nilicheka, lakini moyoni nikasema, basi, huyu mtoto amenivua nguo."

Nilimwambia alichosema Shangazi wa kweli, kuhusu asubuhi na uji wa mchana.

"Naogopa kisu," Baba alisema. "Kwenye jicho, mwanangu. Wanaingiza kisu nawe unatazama."

Sikuwa na maneno ya hekima. Nilisema lililokuwepo. "Mimi naogopa watu. Wote. Na nilijitoa dirishani na ufagio mbele ya shule nzima kwa sababu uliniambia."

Safari hii alicheka kweli, akacheka hadi akaegemeza kichwa kwenye usukani, na honi ikalia. Alipoinua uso ulikuwa umelowa, na hapakuwa na mpira wa kuyazuia hayo.

Tukampigia Spana simu. Alikuja na pikipiki ya mtu, amelowa kama panya wa Mama, akaingia upande wa dereva bila kuuliza lolote. Baba alijisogeza katikati. Miche tuliipeleka. Miche haiogopi mvua.

14 Aprili

Mama aliposikia alikwenda jikoni. Alimwekea chai. Kisha akasema, "Iko mkono wako wa kulia," na Baba akamshika mkono huo huo uliokuwa unaweka kikombe, hakuuachia.

19 Aprili

Daktari amesema ni mtoto wa jicho, macho yote, la kulia wataanza nalo. Spana anatuendeshea. Analalamika kila siku, na hajakosa hata siku moja.

23 Aprili

Nimekwenda kwa kasichana ka mwavuli na mwavuli mpya. Wa njano. Nilibisha hodi mwenyewe. Nilimweleza mama yake kila kitu, na alinisikiliza akiwa amesimama, hakunikaribisha kukaa. Alikuwa na haki. Mtoto aliufungua mwavuli ndani ya nyumba.

28 Aprili

Mvua zinapungua. Spana amenifundisha klachi uani. Nimekanyaga miche ya ua, mstari mzima. Mama amesema haidhuru, kwa Mama neno hilo pia lina kifuniko.

5 Mei

Jana wamemfanyia jicho la kulia. Leo asubuhi tumekwenda kumchukua, Mama, mimi na Spana.

Muuguzi alikuwa anamtoa bandeji tulipoingia. Baba alipepesa, machozi yakamtiririka, akapepesa tena. Kwanza akamtazama Mama. Alimtazama kwa muda, kwa makini, kama mtu anayesoma.

"Umezeeka," alisema.

"Na wewe kabla hujajiona kwenye kioo," Mama akajibu, "tutakuletea kiti ukae kwanza."

Kisha akanitazama mimi. Hakusema utani wowote. Aligusa nyusi yangu moja kwa kidole, mahali hasa, bila kukosa.

Tukatoka nje. Manyunyu ya mwisho ya msimu, jua linapenya katikati yake. Pikapu ilikuwa imeegeshwa mbele ya ukuta mweupe. Baba akasimama ghafla, nikadhani amepata kizunguzungu.

"Spana," alisema. "Boneti ya nani hii?"

Spana akakohoa, akaanza kutafuta funguo alizokuwa ameshika mkononi.

"Mmegonga? Mmeweka boneti ya gari jingine?"

Mama alikuwa anatazama viatu vyake. Niliona jinsi sisi sote tulivyokuwa tunafanya, jinsi tulivyofanya miaka yote miwili, kila mmoja akimsubiri mwenzake kwa upendo. Neno lilikuja likakaa kwenye ulimi wangu. Sikulisubirisha.

"Ni yetu, Baba," nilisema. "Uliipaka mwenyewe."

"Rangi gani hii?"

"Kijani."

"Tangu lini ni kijani?"

"Tangu siku ya kwanza."

Akazunguka gari lote. Akaweka kiganja kwenye boneti, kisha kwenye mlango wa bluu, kisha kwenye boneti tena. "Na mmenizungusha mji mzima na hii? Na yule mteja wa miche hamsini? Nilimwambia hajui rangi!" Akamgeukia Mama. "Wewe mke wangu, hukusema?"

"Nilisema imependeza," Mama akasema.

Daktari alikuwa amemkataza kucheka kwa nguvu. Hakutii.

Tulibanana wanne kiti cha mbele, mimi nusu nikiwa nimekaliwa na Mama. Spana akaendesha. Barabara ilikuwa na maji, na maji yalikuja juu ya ile boneti ya kijani, yakafika kwenye mpira, yakagawanyika. Kioo kilibaki kikavu. Nilishusha pumzi, nikafungua mdomo kwa mazoea nitangaze, na kabla sijaanza nikamsikia Baba dirishani.

"Baiskeli kushoto," alisema polepole. "Mwenye baiskeli ana shati la michirizi. Dimbwi. Mama na ndoo, anavuka, ndoo ni ya zambarau, jamani, zambarau. Mtoto. Mtoto mwingine. Mwavuli."

Hakuna aliyemwambia kwamba Spana anaona. Tulimwacha atangaze mpaka nyumbani.